Karatasi ya Maombi ya Daktari Orcutt

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mzee wa fimbo katika mji wetu wa Quansett, na kwa miaka hiyo yote hakuna kichwa nilichokigonga mara nyingi kama cha Daktari Lemuel Orcutt. Wanaosema nilimwonea hawakuwahi kukaa karibu naye ibadani. Mchungaji Whipple akifika hoja ya tatu ya mahubiri, daktari ameshafumba macho. Hoja ya tano, anakoroma. Fimbo yangu ilikuwa na kirungu cha shaba upande mmoja, cha kuwagonga wanaume, na mkia wa mbweha upande wa pili, wa kuwapapasa wanawake usoni, maana mwanamke hagongwi ibadani. Daktari alipata kirungu, tena bila huruma.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuzuia safari siku ya Bwana. Tangu jua la Jumamosi lizame hadi la Jumapili lizame, mtu wa koloni letu la Massachusetts hapandi farasi ila kwenda ibadani au kumwona mgonjwa. Na daktari wetu alikuwa na wagonjwa wa ajabu. Waliumwa Jumapili tu, na wote walikaa juu kule kwenye kijito chenye samaki wazuri. Mara tatu nilimkamata akirudi, na mara tatu nilikuta samaki ndani ya mkoba wa dawa, wamelala juu ya bandeji. Mara ya tatu akaniambia kwamba mgonjwa hakuwa na kingine cha kumshukuru nacho. Nilimpeleka mbele ya usharika akakiri, na waliokuwepo wakacheka, jambo lililoniudhi kuliko samaki wenyewe.

Sasa niseme na la kwangu, nisionekane nimelificha. Vita vya kumkataa Mfalme, aliyetutawala kutoka ng'ambo ya bahari, vilipoanza Aprili ya mwaka ule, mimi nilisimama katika mkutano wa mji nikasema wazi kwamba anayemwinukia Mfalme anamwinukia aliyemweka. Nilisema kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Hakuna aliyenipiga wala kunivunjia dirisha. Sisi si watu wa namna hiyo. Walichofanya ni kuacha kuniambia mambo. Nikiingia dukani, mazungumzo yanageuka kuwa habari za mvua. Hata Keziah, mke wangu wa miaka thelathini na mmoja, alianza kuzungumzia mvua.

Jumapili ninayoisimulia ilikuwa ya Mei, bado kuna ubaridi wa asubuhi. Zaburi ilikuwa ikiimbwa ndani, nami nilikuwa nje nikizunguka nyumba ya ibada, kama kawaida yangu, kuangalia wachelewaji. Nikasikia farasi anakuja mbio kutoka upande wa bwawa la chumvi. Siku ya Bwana! Nilisimama katikati ya njia na fimbo yangu nikaikinga, na farasi nusura anikanyage.

Alikuwa Orcutt, matope hadi mapajani, kofia hana. Nilimuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa mke wa Noyes, uchungu umemshika, nimpishe. Mke wa Kapteni Noyes! Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu mawili akiingia ibadani robo saa tu kabla, amekaa benchi la mbele pembeni mwa mumewe, mkuu wa wanamgambo wetu, na tumbo lake tambarare kama meza.

"Njia ya mwongo ni fupi, daktari," nikamwambia. "Huyo unayekwenda kumzalisha anaimba zaburi humo ndani. Leo samaki wako wapi?"

Hakucheka. Hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Alitaka kunipita aingie ndani, akisema ana neno na Kapteni Noyes, dakika moja tu. Nikamjibu kwamba neno la Kapteni litasubiri jua lizame, na kwamba mvunja Sabato haingii ibadani na matope yake kuwashtua watu katikati ya zaburi. Nikashika hatamu. Farasi alikuwa akitetemeka miguu yote minne, na daktari naye hakuwa na nguvu ya kubishana. Nikamvuta hadi kwenye kibanda cha mchana, kile tunachokula mkate wetu kati ya ibada ya asubuhi na ya alasiri, nikamwingiza. Farasi nikamfunga zizini nyuma.

Nilipokuwa nafunga mlango aliweka mguu wake kizingitini. Akanitazama muda mrefu, kama anavyomtazama mgonjwa ambaye hajui amwambie kweli au asimwambie. Nilifikiri anatafuta uongo mwingine. Kumbe alikuwa anapima kama mimi ni mtu wa kumuuza.

"Mzee Tarbox," akasema, "karatasi ya maombi unaweza kuikataa?"

"Hakuna karatasi ya maombi inayokataliwa," nikamjibu. "Hata ya mfungwa. Hata yako."

"Na huwa unazisoma?"

Hapo nilikasirika kweli. Kwetu mtu mwenye shida huiandika kwenye karatasi, mzee wa fimbo huipeleka mimbarini, na mchungaji huisoma kwa sauti kabla ya sala ndefu, ili wote waibebe shida ile pamoja. Nimebeba karatasi za wanawake waliokaribia kujifungua, za mabaharia, za wazee wanaosubiri kufa. Sijawahi kufungua hata moja. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia kwamba si kila mtu ana tabia za kuficha samaki kwenye mkoba wa dawa.

Akaandika akiwa amesimama, akitumia paja lake kama meza. Akaikunja mara nne, akaibandika na gundi ile ya kuzibia majeraha. Akanipa, akaniomba niharakishe, na mara ya kwanza maishani akaniita kwa heshima, mzee wangu. Nikakomea mlango kwa nje nikaenda. Nilitembea mwendo wangu wa kawaida. Hadi leo nikikumbuka ule mwendo wangu wa kawaida, naona haya.

Zaburi ilikuwa imekwisha. Nilipita katikati ya mabenchi, nikaipandisha karatasi mimbarini, nikasimama pale chini. Kwenye ngazi za mimbari wamekaa watoto, kama desturi, na wajukuu wangu wawili miongoni mwao. Keziah alikuwa benchi la pili, miguu yake juu ya kijisanduku chake cha makaa, maana magoti yake hayakubali kwamba majira ya baridi yameisha hadi Juni. Kapteni Noyes alikuwa ameshamwomba zaidi ya mara moja akiache nyumbani, nami nilijiuliza Kapteni ana shida gani na magoti ya mke wangu.

Mchungaji Whipple alisoma kwanza karatasi ya mjane mmoja mwenye kikohozi. Kisha akaibandua ile ya daktari, akaisoma kwa sauti ile ile, maana yeye husoma kabla ya kufikiri:

"Lemuel Orcutt anaomba maombi ya usharika kwa ajili ya wageni themanini wa Mfalme, waliovuka daraja alfajiri hii kuja Quansett na watakaofika kabla ya adhuhuri. Pia kwa ajili ya vipipa kumi na tisa vya baruti vilivyo chini ya miguu ya mchungaji na watoto. Pia anaomba afunguliwe kibanda."

Mimi nilitazama chini. Miguu yangu ilikuwa juu ya mbao zile zile nilizozikanyaga kila Jumapili. Kisha nikatazama kijisanduku cha makaa cha mke wangu, hatua tatu kutoka pale. Kisha nikatazama nyuso za watu, nami nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshangaa kusikia habari za baruti. Walishangaa kusikia habari za wageni. Mji mzima ulijua. Keziah alijua. Aliinua miguu yake taratibu kutoka kwenye makaa, akanitazama kwa aibu.

Sasa wote walikuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanangoja waone mtu wa Mfalme atafanya nini. Ningeweza kusimama mlangoni. Ningeweza kwenda kuwapokea wale wageni njiani na kuwaonyesha mbao za kung'oa. Niliwaza hayo yote mawili, sitadanganya. Kisha mjukuu wangu mdogo, pale ngazini, akapiga chafya, nikajikuta nimeshaitupa fimbo chini na vidole vyangu viko kwenye ukingo wa ubao.

"Mchungaji," nikasema, "tunaomba kwanza au tunabeba kwanza?"

"Tutaomba huku tunabeba," akasema Mchungaji Whipple, akashuka akikunja mikono ya joho lake.

Tulibeba. Kapteni Noyes aliwapanga watu mstari mmoja, kutoka mimbarini hadi zizi la mchungaji ng'ambo ya njia, wanaume na wanawake, na vipipa vikapita mkono kwa mkono. Keziah alimwaga makaa yake kisimani kabla hajaambiwa. Nyuma ya zizi kulikuwa na rundo la samadi la majira yote ya baridi, lenye kimo cha mtu, na humo ndimo tulimoizika baruti, kwa sababu Kapteni alisema hajawahi kumwona askari wa viatu vilivyong'arishwa akichimba samadi kwa hiari. Mimi nilikwenda kumfungulia daktari. Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Nilitaka kusema neno la maana. Nikasema inuka, kuna kazi.

Alinieleza tulipokuwa tukirudisha mbao. Merikebu ya Mfalme ilikuwa imetia nanga mdomoni mwa mto Jumamosi, na afisa mmoja wa merikebuni akaumwa jino. Orcutt aliitwa kabla jua halijazama, hilo alilisisitiza kwa ajili yangu. Alimpa yule afisa kinywaji kikali cha kupunguza maumivu, na kinywaji kikapunguza pia akili: afisa akamsimulia habari zote za baruti ya Quansett na askari watakaoshuka alfajiri, huku koleo likiwa bado mdomoni mwake. Daktari akang'oa jino, akaaga kwa adabu. Usiku kucha doria zilizunguka ile pwani, naye akajificha, na kulipopambazuka walimwona darajani wakampiga risasi wakamkosa. Daraja likiwa mikononi mwao, akazunguka kwa bwawa la chumvi, mahali ambapo hata ng'ombe hapiti.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia palepale njiani.

"Kwa kuwa wewe ni mtu wa Mfalme," akasema. "Wewe mwenyewe sikukuamini, mzee. Niliamini tu ukali wako wa kushika desturi."

Maneno hayo yaliniuma. Lakini hayakuwa ya uongo, na sikuwa na muda wa kununa. Kipipa kimoja kilikuwa kimevuja kidogo, na chembe nyeusi zilitapakaa kuanzia mimbarini hadi mlangoni, mahali ambapo kila mtu angeziona. Ufagio haukuwepo. Nikachukua fimbo yangu, nikaigeuza, nikafagia sakafu yote kwa mkia wa mbweha.

Walipofika, Mchungaji Whipple alikuwa kwenye hoja ya nne. Mlango ulifunguliwa, akaingia kapteni wao, kijana mwenye uso mwekundu kwa mwendo, na askari wanane nyuma yake. Wengine tuliwasikia nje wakizunguka. Nilimwendea nikamwambia kwamba hii ni nyumba ya ibada na kofia huvuliwa. Akavua. Nilipata faraja kidogo kwa hilo.

Akaitazama fimbo yangu, akaniuliza kama mimi ndiye Tarbox. Nikakubali.

"Habari zako tumezisikia," akasema, kwa sauti ambayo kila benchi liliisikia. "Wanasema wewe ndiye mtu pekee mwaminifu hapa. Basi nakuuliza wewe. Mna baruti humu ndani?"

Sijawahi kusema uongo tangu nilipokuwa mtoto. Si kwamba ni mtu mwema. Ni kwamba nilipigwa kwa sababu ya uongo mmoja wa tufaha na somo likaingia. Nilihisi mgongo wangu wote umeloa.

"Bwana," nikamwambia, "mji huu hauniambii siri zake, tangu niliposema naupenda ufalme. Leo asubuhi niliamka nikijua hakuna baruti humu. Na sasa ninavyosimama mbele yako, najua hakuna."

Aliwaambia askari wang'oe mbao za mimbarini hata hivyo. Walikuta vumbi, kiota cha panya na glavu ya mtoto iliyopotea tangu mwaka juzi. Nikaanza kupumua. Ndipo macho yake yakatua benchi la tatu.

Daktari Orcutt alikuwa amelala. Hakuwa anajifanya. Kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, na matope ya bwawa yamekauka miguuni mwake hadi mapajani. Askari themanini wako nyumbani kwetu, na yule mtu anakoroma.

"Kuna mpanda farasi alitukimbia darajani alfajiri," kapteni akasema polepole, na mkono wake ukashuka kwenye bastola. "Huyu ni nani?"

Mke wa Kapteni Noyes alifumba macho. Wakimchukua, ni kamba ya kunyongea, na hakuna karatasi ya maombi ambayo ingemfikia huko. Nikatembea hadi benchi la tatu. Mwendo wangu wa kawaida, safari hii kwa makusudi. Nikainua kirungu nikamgonga katikati ya utosi.

"Amina," akasema Orcutt, macho bado mazito, kama anavyosema kila nikimgonga.

"Huyu ni daktari wetu," nikamwambia kapteni. "Hulala hivi kila Jumapili ya Mungu, uliza yeyote. Na hayo matope unayoyaona, mimi mwenyewe nimemkamata nayo asubuhi hii. Nimemfungia kibandani kwa kuvunja Sabato. Anasema alikuwa kwa mgonjwa! Mara tatu kabla ya leo ameniambia mgonjwa, na mara tatu nimekuta samaki kwenye mkoba wa dawa, juu ya bandeji. Atasimama mbele ya usharika huu akiri, na wewe ukitaka kubaki ushuhudie, karibu, bado tuna hoja tisa."

Nilisema kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kweli, ya miaka kumi na minne. Kwanza alicheka mtu mmoja nyuma. Kisha kicheko kikaenda benchi kwa benchi, watoto, wazee, hadi mke wa Noyes machozi yanamtoka. Daktari akainamisha kichwa kama mtu aliyeaibishwa, na masikio yake yalikuwa mekundu kweli, maana hiyo habari ya samaki haimpendezi. Kapteni alimtazama yeye, akanitazama mimi na fimbo yangu. Nikaona mdomo wake unacheza.

"Pole, daktari," akasema. Akavaa kofia akiwa bado ndani ya mlango, kosa ambalo nililisamehe, akatoka na watu wake.

Hakuna aliyeinuka. Tulikaa hadi mlio wa ngoma yao ukapotea kabisa upande wa mto. Kisha Keziah akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikaketi kwenye ngazi za mimbari kati ya wajukuu zangu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilitaka kumkumbatia kila mtu niliyewahi kumgonga, lakini wangekuwa wengi mno, na ilikuwa Sabato.

Nilimshtaki daktari, naam. Nilishamwambia kapteni kwamba atakiri, na sikutaka neno langu la siku ile liwe na hata doa moja. Alisimama Jumapili iliyofuata akakiri kusafiri siku ya Bwana, usharika ukamsamehe kwa kauli moja, kisha nikasimama mimi nikakiri kwamba nilimzuia mjumbe wao njiani kwa robo saa nzima. Nami nikasamehewa. Kama nilimwacha Mfalme siku ile, sijui. Ninachojua ni kwamba tangu hapo nikiingia dukani mazungumzo hayageuki kuwa mvua.

Jumapili hiyo hiyo, tulipokwisha kukiri, Mchungaji akaanza hoja zake. Alipofika ya tatu, daktari alifumba macho. Ya tano, akakoroma. Alikuwa amekesha siku tatu mfululizo kwa yule mjane mwenye kikohozi, mgonjwa wa kweli, nilihakikisha mwenyewe. Nikaenda hadi benchi la tatu na fimbo yangu, na watu wakageuka, kama kawaida, kuona kirungu kikishuka. Joto lilikuwa limefika, na nzi mmoja alikuwa akitembea kwenye paji la uso wake. Nikaigeuza fimbo. Nikamfukuza yule nzi kwa mkia wa mbweha, ambao bado ulikuwa mweusi kwa baruti na ukamwachia alama juu ya nyusi, kisha nikabaki nimesimama pale pembeni yake hadi hoja ya kumi na tatu, nikifukuza nzi.